Kuwapeleka marafiki Istanbul bila kuwachosha: niliyojifunza kwa kukosea

Mara ya kwanza kuwapeleka washkaji zangu Istanbul nilitaka waupende mji mzima ndani ya siku nne. Nilishaenda peke yangu mara tatu kabla, najua vichochoro, najua feri gani inaondokea wapi, basi nikajiona mwenyeji kabisa, nikaandika ratiba ya kurasa nne nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Siku ya pili asubuhi tuko watu watano mbele ya geti la kasri la Topkapı, geti limefungwa, kumbe ni Jumanne na Topkapı Jumanne haifunguliwi. Na mimi ndo mwenyeji! Jioni yake nikawapandisha kwa miguu kutoka Karaköy kwenda mnara wa Galata, kile kimlima wanaokijua wanakijua, mmoja akakaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akaniangalia usoni akasema "wewe nenda tu, picha utanionyesha".

Baada ya hapo nimeshaenda na watu mara mbili tena na mambo yakawa mazuri, kwa hiyo naandika haya kwa yeyote mwenye mji wake anaoupenda na anataka kuwaonyesha wenzake. Mfano wangu ni Istanbul kwa sababu ndo ninapopajua. Kosa langu lilikuwa moja tu, nilisahau kwamba mimi mwenyewe huu mji niliupenda polepole, kwa kupotea na kukaa kaa tu, halafu nikataka wenzangu waupende wakiwa wanakimbizwa.

Kabla hata tiketi haijakatwa

Waambie ukweli. Sisi tukipenda sehemu tunaisifia mpaka inakuwa pepo, halafu mtu anafika anakuta foleni na mvua. Mi siku hizi naanza na mabaya: Istanbul ni mji wa vilima, mtatembea sana, barabara nyingi za zamani ni za mawe kwa hiyo kiatu kipya kisichozoeleka acha nyumbani. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 30 na watalii wamejaa kama siafu. Desemba mpaka Februari ni baridi na mvua, kuna miaka theluji inadondoka kabisa. Aprili kuna maua ya tulipu kila bustani, nzuri zaidi ni Emirgan, ila mvua bado inachungulia. Mimi kama naenda na watu wageni kabisa nachagua Mei au mwisho wa Septemba, sibishani na mtu.

Suala la viza msilichukulie kikundi. Watu watano mnaweza kuwa na pasi za nchi tofauti, mmoja anaingia bila viza, mwingine anaomba mtandaoni, mwingine mpaka aende ubalozini. Kila mtu aangalie pasi yake mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr, maana kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo zinakutoza zaidi kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe. Na muda wa pasi uangaliwe mapema, ikibaki na miezi 6 au zaidi mtu analala usingizi.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, Istanbul ina viwanja vya ndege viwili vikubwa na viko mabara tofauti. Kile kikubwa kinachoitwa Istanbul tu (kifupi chake kwenye tiketi ni IST, kilifunguliwa 2018) kiko upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen (SAW) kiko upande wa Asia. Kama marafiki wanatokea sehemu tofauti na kila mmoja anakata tiketi ya bei anayoiona yeye, mtajikuta wawili wako huku na watatu wako kule na nyote mnatumiana ujumbe "nimefika, mko wapi?". Kubalianeni kiwanja kabla. Vyote vina metro siku hizi, M11 inatoka kile kikubwa mpaka Gayrettepe, M4 inatoka Sabiha Gökçen mpaka Kadıköy, ila mkiwa wengi na masanduku usiku, tafuteni gari moja kubwa mgawane, usijifanye unaijua metro wakati watu wamechoka.

Pesa zinavunja urafiki kuliko mapenzi

Sehemu hii ndo ina kesi nyingi. Mnapokuwa watano kila kitu kina bili, chai bili, feri bili, choo bili, na kuna yule mmoja anayelipa kila mara halafu anajisikia vibaya kudai, na kuna yule ambaye kila bili ikija yuko chooni. Dawa yake ni kibubu cha pamoja. Kila asubuhi, au kila baada ya siku mbili, kila mtu anatoa kiasi sawa, kinaingia kwenye pochi moja, na vitu vya wote vinalipwa humo. Kikiisha mnachanga tena. Anayetaka kujinunulia zulia hiyo ni juu yake.

Ila mshika kibubu asiwe wewe mwenyeji. Hili nimelijifunza vibaya. Wewe ndo unachagua pa kwenda, ukishika na pesa pia unakuwa serikali, na serikali inasemwa. Sisi tulimpa mmoja ambaye kwa kawaida ni mgumu wa mkono, ana kijipochi cha zipu, akawa anahesabu chenji mezani mbele ya mhudumu bila aibu, na hakuna aliyeibiwa hata lira moja.

Lira ya Uturuki imekuwa ikishuka thamani mwaka hadi mwaka kwa hiyo bei unazokumbuka wewe za safari yako ya zamani zisahau, usiwaahidi watu "pale mtakula kwa bei ya bure" halafu bili ije inakucheka. Msibadilishe pesa zote siku moja, na uwanja wa ndege badilisheni kidogo tu za kuanzia, mjini viwango huwa vizuri zaidi.

Na yule mwenye bajeti ndogo mwulize pembeni, kwa simu, sio kwenye grupu. Kwenye grupu kila mtu ni tajiri.

Pa kulala

Kila mtu ana mtaa wake anaoutetea. Mimi moyo wangu uko Kadıköy, upande wa Asia, kwa sababu ya soko lake na jioni ya pale Moda kando ya bahari, lakini kwa mgeni wa mara ya kwanza kila asubuhi anavuka maji kwenda kuangalia vitu alivyovifuata na siku ya tatu anaanza kununa. Sultanahmet uko katikati ya vivutio ila usiku panapoa. Galata pana uhai, shida ni kile kimlima. Siku hizi wageni nawalaza Sirkeci. Tramu ya T1 inapita hapo hapo, vituo viwili uko Sultanahmet, feri za Eminönü unaenda kwa mguu dakika chache, na treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari (ilianza 2013) ina stesheni pale. Mtu akichoka anarudi kulala peke yake bila kukusumbua, na hiyo ndo sifa kubwa ya hoteli ya kikundi.

Siku ya kwanza anzia majini

Hapa nitakaa kidogo maana ndo siri yangu yote.

Usiwapeleke kwenye jengo lolote siku ya kwanza. Watu wametoka kwenye ndege, macho mekundu, ukiwaingiza kwenye msikiti wa miaka mia nne wanaona mazulia tu. Waache waoge, wale, wajinyooshe, kisha saa kumi na moja jioni wachukue kila mmoja kadi yake ya Istanbulkart (zinauzwa kwenye mashine za stesheni, ndo hiyo hiyo ya tramu, metro, basi na feri), washushe mpaka Eminönü na mpande feri ya kawaida ya Kadıköy. Sio ile ya kitalii yenye kipaza sauti. Ile ya watu wanaorudi kutoka kazini.

Kaeni nje, kwenye mabenchi ya pembeni. Atapita jamaa na sinia la chai, glasi ndogo zenye kiuno, chai nyekundu bila maziwa, vijisukari viwili vya mraba kwenye kisosi. Glasi haina mkono, unaishika kwa juu kwenye ukingo kwa vidole viwili, na mgeni lazima aishike katikati aungue, huwa namwacha aungue, ni sehemu ya mafunzo. Nunua na simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, kabla hamjapanda. Feri ikishatoka shakwe wanaifuata, wanaelea karibu kabisa na reli kana kwamba wamefungwa kamba, na watu wanawarushia vipande. Safari iliyopita rafiki yangu alikuwa amenyoosha simit mkononi anapiga selfi, ndege akashuka akaichukua yote, nzima, duara lake na ufuta wake, na kwenye picha anaonekana mkono mtupu na mdomo wazi. Hiyo picha imekuwa picha ya grupu mpaka leo.

Safari yenyewe ni dakika kama ishirini. Mnazurura Kadıköy kidogo, mnakula, au mnageuza nayo tu. Cha muhimu mrudi jua linazama, kwa sababu feri inaelekea magharibi na mji wa zamani wote unakuwa mbele yenu mweusi, minara ya Süleymaniye, ya Ayasofya, ya Msikiti wa Bluu imesimama kwenye anga la rangi ya chungwa. Usiseme kitu. Najua ulimi unakuwasha kueleza nani alijenga nini, funga mdomo. Mimi safari ya kwanza niliongea njia nzima, hakuna anayekumbuka hata neno.

Vivutio vya kila mtu, na wewe nenda navyo

Kuna ugonjwa wa sisi tunaojiita wazoefu, tunadharau vivutio vikubwa, "aa pale pa watalii, mi nitawapeleka sehemu za ukweli". Wenzako ndo mara yao ya kwanza, wanataka kuona Ayasofya, na wana haki. Jengo limesimama tangu mwaka 537, lilikuwa kanisa, likawa msikiti baada ya 1453, likawa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Watalii siku hizi wanapanda roshani ya juu kwa tiketi, chini ni kwa wanaoswali. Nenda nao, ila kama umeshaingia mara tano na roho inagoma wapeleke mlangoni, wewe kaa nje na paka. Istanbul paka hawana mwenyewe na hawana haraka, utapata wa kukaa naye.

Kitu kimoja ambacho mwenyeji lazima akijue ni siku za kufungwa, niliyoyapata mimi yasikupate: Topkapı Jumanne, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, soko kubwa la Kapalıçarşı Jumapili. Msikiti wa Bluu hauna kiingilio ila watalii hawaingii saa za sala, na Ijumaa mpaka sala ya Ijumaa iishe, kwa hiyo usiupange Ijumaa asubuhi ukategemea. Wanawake wabebe mtandio kwenye mkoba kila siku, wanaume wa kaptula fupi mtajuana wenyewe mlangoni. Soksi safi, jamani, mnavua viatu.

Kimoja kikubwa asubuhi, basi. Mchana chakula kirefu. Jioni kitu chepesi. Mkiongeza cha pili kiwe cha chini ya ardhi, ile hodhi ya Yerebatan, nguzo 336 zimesimama kwenye maji na giza, baridi nzuri sana mchana wa joto, mwishoni kuna vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa kichwa chini. Hata yule asiyependa historia pale ananyamaza.

Kapalıçarşı lina maduka zaidi ya elfu nne na msijaribu kutembea pamoja. Peaneni muda na geti la kukutania, kila mtu apotee anavyojua. Wanunuzi na wasionunua wakitembea pamoja mnagombana, yaani hilo liko wazi kama mchana.

Wape lugha kidogo

Hii nimeigundua kwa bahati na sasa ndo chambo changu. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili Kituruki kinatukaribisha kidogo kwa sababu lugha zote mbili zimekopa Kiarabu na Kiajemi. Dakika ni dakika, vile vile. Çay inatamkwa chai. Kitap kitabu, saat saa, dünya dunia, asker askari, sabun sabuni. Ukitaka bili unasema hesap, yaani hesabu. Merhaba wanasalimiana nayo mtaani mpaka mtu unataka kuitikia marahaba. Na ninayoipenda kuliko zote, misafir, kwao maana yake mgeni, kwetu msafiri.

Nilipowapa wenzangu maneno kumi ya hivi kwenye feri ikawa mchezo, kila bango wanasoma, kila mhudumu wanamjaribu. Yule mkimya wetu ndo aligeuka balozi, anaingia dukani anasema "merhaba" kwa sauti ya mwenye nyumba, "bir dakika", yaani dakika moja, ndo imekuwa jibu lake la kila kitu. Nimeona mtu akiwa na maneno matano mdomoni haning'ang'anii tena mkono.

Mitego, kwa ufupi

Mng'arisha viatu atapita mbele yenu adondoshe brashi, mmoja wenu mwenye roho nzuri ataiokota, jamaa atashukuru kwa kumsafishia kiatu halafu atadai pesa. Iacheni brashi. Maeneo ya Taksim kijana mcheshi wa ghafla anayekualika baa anayoijua yeye, bili yake itakuliza, hasa wanaume mnaotembea wawili wawili usiku. Teksi lazima mita iwashwe, akisema bei ya mdomo shuka. Maji ya kunywa nunueni ya chupa. Basi, zaidi ya hapo ni mji wa kawaida, usiwatishe watu mpaka waogope kutoka nje.

Sehemu yako ya moyoni

Kila mwenye mji wake ana kona yake. Yangu ni ngazi za Salacak kule Üsküdar, zinazotazama mnara wa Kız Kulesi ulio katikati ya maji, ambapo nilikaa peke yangu safari ya kwanza kabisa nikiwa na mambo yangu mazito. Nikawapeleka wenzangu siku ya tatu nikiwa na matumaini makubwa mno. Mmoja akasema pazuri. Mwingine akauliza kuna choo. Wa tatu alikuwa anatafuta mtandao.

Iliniuma, nisidanganye. Nilinuna mpaka kwenye feri. Baadaye nikajiuliza, nilitaka waone nini, mnara au mimi wa miaka ile? Sasa ushauri wangu ni huu, kona yako wapeleke bila kuitangaza. Piteni kama mnapita tu, mkae, mnywe chai. Kama wataipenda watasema wenyewe, kama hawakuipenda hukuwahi kuwaambia ni yako na hakuna aliyeumia. Na ukitaka kuiaga vizuri, amka mapema siku moja uende peke yako wenzako wakiwa wamelala, hakuna sheria inayosema mwenyeji haruhusiwi kutoroka.

Ratiba yenyewe iwe na tundu. Mimi kwenye siku tano naacha siku nzima moja, ya nne, bila mpango wowote, kila mtu anaenda anakotaka, tunakutana saa moja usiku kula. Wengine wataogopa, wape kadi yenye salio, jina la hoteli kwenye karatasi, waambie wakipotea waulize tramu ya T1 iko wapi. Mmoja wenu atataka kwenda visiwani, Büyükada, hakuna magari ya watu binafsi kule na farasi wa mikokoteni waliondolewa 2020, siku hizi ni vigari vya umeme na baiskeli. Mwache aende, ila mwambie feri kutoka Kabataş inachukua zaidi ya saa moja, asije akakosa ya kurudi. Mwingine atalala hotelini mpaka saa nane. Hiyo nayo ni likizo.

Safari ya mwisho yule mkimya wetu siku yake ya tundu alipanda basi la njia siyo, akashukia Balat, mtaa wa nyumba za rangi rangi kando ya Haliç, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji. Nilishapita Balat mara nyingi kupiga picha kama kila mtu. Siku ya tano akasema leo mnanifuata mimi. Tukashuka, akatupitisha barabara yenye maduka bila hata kugeuza shingo, akakata kulia, akapanda kilima, mimi ndo nahema safari hii, tukatokea kwenye kibanda kimoja cha chai chenye viti vifupi vya mbao na mzee anayesikiliza redio. Sijawahi kupaona. Nikafungua mdomo nieleze habari za mtaa huo, akaninyooshea kidole, "bir dakika". Akamgeukia mzee, akaonyesha mkono wazi, vidole vitano.

"Beş çay."